Chungu Kimoja, Chumvi Kidogo: Presha Katika Nyumba Zetu

Siku ya tatu baada ya mazishi ya jirani yetu mmoja, Allah amrehemu, tuliketi jamvini kwa khitma kama ilivyo ada ya watu wa mwambao. Juzuu zikasomwa, dua ikaombwa, masinia ya pilau yakaletwa. Kabla mtu hajaonja hata tonge la kwanza, kibakuli cha chumvi kilikuwa kimeshaanza safari yake, mkono hadi mkono, kila mmoja akinyunyiza upande wake wa sinia. Achari ya ndimu ikafuata nyuma. Mzee aliyeketi kando yetu akatunong'oneza, "Hivi marehemu alikuwa na nini, sheikh?" Tukamjibu kuwa alipatwa na kiharusi, na asili yake ni presha. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akakivuta kile kibakuli upande wake.

Hatumlaumu. Nasi tulikuwa tumeshanyunyiza.

Marehemu alikuwa mama wa makamo, mwingi wa ucheshi, na mkono wake katika mapishi ulikuwa ukitajwa mitaa mitatu. Miezi michache kabla ya kufariki alikuja nyumbani kwetu pamoja na mwanawe, akilalamikia kichwa na kukosa usingizi, akaomba tumsomee maji. Tukamsomea Fatiha na sura za kujikinga, akanywa, akashukuru, akenda zake. Katika mazungumzo alitutajia, kwa kupita tu, kwamba aliwahi kupewa vidonge vya presha na kwamba ameviacha, maana sasa hajisikii chochote. Tulimsikia vizuri. Hatukumwambia neno. Tulidhani kwamba hayo ni ya madaktari, na letu sisi ni kusoma. Hatusemi kuwa neno letu lingeizuia siku yake, kwani siku ya mja i mkononi mwa Mola wake. Lakini kuuliza kulikuwa juu yetu, na hatukuuliza. Ndugu zetu na mama zetu mnaosoma makala haya, yachukueni kama sehemu ya deni tunalojaribu kulilipa.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa pale moyo unapoipiga kwenda mwilini. Mfano wake ni pampu ya kisima na mpira wa maji: pampu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi siku baada ya siku, mpira huchakaa, hupasuka mahali palipo pembamba, na pampu yenyewe huchoka kabla ya wakati wake. Mahali palipo pembamba katika mwili wa mwanadamu ni ubongo, figo na macho. Kipimo huja kwa namba mbili. Ya kwanza ni pale moyo unapopiga, ya pili ni pale unapopumzika. Chini ya 120 kwa 80 ni siha. Ikiwa siku mbili mbalimbali mtu amepimwa akakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana maradhi ya shinikizo la damu, ajisikie mgonjwa au asijisikie.

Hapo kwenye kujisikia ndipo wengi wetu tunapokosea. Barabarani tunasema "usinipandishe presha" tukikusudia hasira, hata tumekuja kuamini kuwa presha ni kitu ambacho mwenyewe hukihisi kikipanda. Sivyo. Aghalabu maradhi haya hayana maumivu. Matabibu wa kale wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa mmoja wao, waliijua sana elimu ya kupapasa mapigo ya mkono, lakini mkono peke yake hauwezi kupima shinikizo. Ule mkanda wa kufungwa mkononi tunaoujua leo ulitokana na kazi ya tabibu wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Basi hakuna mtu, sheikh wala mganga, awezaye kumtazama mtu usoni akamwambia hana presha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 uligundua kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani mwao.

Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa hao nusu. Ijumaa iliyofuata ile khitma, vijana wa afya waliweka meza nje ya msikiti. Tukaketi kwa ajili ya kuwapa watu mfano mwema tu, si kwa hofu yoyote. Mashine ikaonyesha 168 kwa 102. Tukamwambia yule kijana kuwa mashine yake mbovu. Kwa adabu kubwa akatuomba tukunje vizuri mkono wa kanzu, tuegemee kiti, tunyamaze dakika 5. Ikaonyesha 166 kwa 100. Siku chache baadaye zahanati wakapata karibu hayo hayo. Tukaandikiwa vidonge, tukaambiwa tupunguze chumvi, tupunguze tumbo, tutembee.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko kwenye kazi.

Jambo la kwanza lililofanywa na ahli yetu, kwa mapenzi yake, lilikuwa ni kutupikia chungu chetu peke yetu. Nyumba nzima ikila mchuzi wa papa na mahamri, sisi tulikuwa na kisahani chetu cha mchicha uliochemshwa, chapwa, hauna chumvi wala viungo, kana kwamba kosa la chumvi limewashukia na bizari na tangawizi. Tulivumilia siku 9. Siku ya 10 tukaanza kuomba "tuonje kidogo" kwenye chungu cha watoto, na kuonja kukawa kula. Tumezungumza na wengi tangu hapo, na karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa presha ina kisa hiki: chungu cha mgonjwa hakidumu. Mgonjwa huona ametengwa, mpishi huchoka kuwasha jiko mara mbili, na watoto hujifunza kuwa chakula cha siha ni adhabu.

Ahli yetu ndiye aliyelikata shauri. Akasema kutakuwa na chungu kimoja, na chumvi ya chungu hicho itakuwa ya mgonjwa. Atakayelalamika alalamike.

Walilalamika. Mama mkwe, ambaye ana miaka zaidi ya 70, alikuwa akiuliza kila mlo kama chumvi imekwisha madukani. Hata hivyo ulimi ni mwanafunzi mwepesi kuliko tunavyomdhania. Haikupita miezi miwili ila watoto wenyewe walirudi kutoka arusini wakisema kuwa biriani ya kule ilikuwa kali kwa chumvi.

Kuna sababu ya kitabibu ya kuitaka nyumba nzima ibadilike, na ushahidi wake mmoja ulipatikana hapahapa nchini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 na jarida la British Medical Journal, watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Tangu mwezi wa kwanza wa maisha ya mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la wale waliobaki. Mkojo wao ulipopimwa, ulikuwa na sodiamu zaidi, ambayo ndiyo asili ya chumvi, na potasiamu kidogo, ambayo hutoka kwenye matunda, mboga, mizizi na kunde. Hawakubadilisha damu ya wazee wao. Walichobadilisha ni chakula na maisha. Basi yule mwenye kusema "presha ni ya ukoo wetu" amesema kweli nusu, kwani urithi una fungu lake. Lakini ukoo hurithishana na chungu vilevile.

Kazi ya chumvi ni kuzuia maji mwilini. Mtu akila nyingi, maji huzidi katika damu, na damu iliyozidi katika mishipa ileile huongeza shinikizo. Potasiamu huzisaidia figo kuitoa chumvi hiyo. Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyofichika katika mkate na vya kununuliwa.

Kijiko ni vigumu kukihesabu katika chungu cha watu wengi, kwa hivyo tunawapa akina mama hesabu nyepesi tunayoitumia nyumbani. Nunueni pakiti ya chumvi ya nusu kilo, muandike tarehe juu yake siku mnapoifungua. Nyumba ya watu wazima 5 isiimalize kabla ya siku 20. Ikiwa kuna watoto, hao fungu lao ni dogo zaidi, basi na idumu zaidi. Pakiti yetu ya kwanza, kabla hatujajirekebisha, ilimalizika siku ya 11.

Wako wanaosema kuwa wao hutumia chumvi ya mawe au ile nyekundu ya bei ghali, hivyo hawamo. Chumvi ni chumvi, iwe imetoka mashamba ya Gongoni na Marereni au imetoka milimani mwa nchi za mbali. Afadhali ile ya pakiti iliyotiwa madini ya ayodini, ila kidogo. Lakini hatari kubwa imejificha pale tusipopaita chumvi: vile vidonge vya kutilia mchuzi, achari, ng'onda na papa mkavu, krispi za muhogo, chevda, soseji, na viazi vya karai vinavyonyunyizwa chumvi juu ya chumvi. Ng'onda na papa hatuwezi kuwaambia watu wa pwani waviache, tungepigwa mawe. Roweka usiku kucha, mwaga maji, badilisha tena asubuhi, kisha usitie chumvi nyingine chunguni. Na visima vingi vya mwambao wetu maji yake yana chumvichumvi. Mwenye kupikia maji hayo akumbuke kuwa chungu chake kimeanza na chumvi kabla yeye hajafungua pakiti.

Mwenyezi Mungu hakutunyima badala yake. Ndimu, ukwaju, kitunguu thomu, tangawizi, dania, bizari nyembamba, pilipili mbichi: hivi ndivyo vilivyolipa jina pilau letu, si chumvi. Kaanga thomu na bizari vizuri, kamua ndimu mwishoni wakati chungu kimeshatoka motoni, na wageni hawatajua umepunguza nini. Mbaazi na kunde zina potasiamu, na mchicha, viazi vitamu, ndizi, machungwa, parachichi na dafu vivyo hivyo. Utafiti mashuhuri wa Marekani wa mwaka 1997, uliofanywa kwa watu 459, ulionyesha kuwa mlo wenye matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na mafuta kidogo, ulishusha namba ya juu kwa takriban 11 kwa wale wenye presha, na hilo katika muda wa wiki 8, bila hata kuwapunguzia chumvi waliyokuwa wakila. Tui zito la nazi na samli ni neema, lakini si neema ya kila mlo. Tui jepesi latosha siku nyingi. Wagonjwa wa figo, na wanaotumia dawa fulani za presha, wamuulize daktari kwanza kabla ya kuzidisha dafu na ndizi, au kutumia chumvi maalumu iliyochanganywa na potasiamu, kwani kwao potasiamu ikizidi huweza kuudhuru moyo.

Na nyinyi akina baba, lenu ni jepesi lakini ni zito. Mke akipunguza chumvi kwa ajili ya uhai wenu, msimwambie chakula ni chapwa mbele ya watoto. Bwana Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula hata siku moja, alipokipenda alikula, na asipokitaka alikiacha. Tunayajua haya, tumeyasomesha miaka, na bado tulihitaji kukumbushwa na mke mwenyewe.

Mengine tutayataja kwa ufupi. Unene: kila kilo inayopungua huishusha namba ya juu kwa takriban 1, kwa hivyo mwenye kupunguza kilo 5 amepata faida isiyo ndogo, na fundisho la kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, tunalo tangu madrasa. Soda za khitma na arusi ziangaliwe hapo. Kutembea: dakika 30 kwa siku 5 za wiki, mwendo wa mtu aliye na haja yake. Tumewaona akina mama wa mtaa mmoja wakitoka kikundi baada ya Alfajiri, na mabuibui yao, wakipiga hatua kando ya bahari kabla jua halijawa kali, na tumependa. Wanaume huchukua bodaboda kwenda msikiti ulio hatua 300. Tumependa kidogo zaidi. Sigara huharibu mishipa, na miraa na muguka hupandisha shinikizo na kuuendesha moyo mbio, licha ya kula pesa za nyumba na kukesha bure.

Dawa za maumivu pia zijulikane. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua dukani kwa ajili ya magoti na mgongo, huweza kupandisha shinikizo zikitumiwa kila siku, na baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi vivyo hivyo. Mwambie mtoa dawa kuwa una presha. Mjamzito ana hukumu yake peke yake: akipata kichwa kikali, macho kufifia, au uso na mikono kuvimba ghafla, aende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, maana hicho ndicho kifafa cha mimba kinavyobisha hodi.

Katika kupima, mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa buibui wala kanzu. Mwanamke ana haki ya kuomba mhudumu wa kike na pazia, na aiombe bila kuona haya, kuliko kupimwa juu ya nguo akapewa namba isiyo ya kweli. Kaa dakika 5, miguu chini, mgongo umeegemezwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usizungumze, na kahawa iwe imepita nusu saa. Wahudumu wa afya wa jamii walioanzishwa rasmi na serikali mwaka 2023 walipewa mashine za kupimia katika mikoba yao. Akipita mlangoni kwenu, mkaribisheni ndani. Awapime wote, na aliyepika naye, kwani mara nyingi mama hupima wote akajisahau yeye.

Mwezi wa Ramadhani, anayetumia dawa amwone daktari mapema kabla ya mwezi kuandama, apangiwe vidonge vya futari na daku. Kuna dawa za kila siku mara moja zinazoafikiana na saumu vizuri. Na yule ambaye daktari amemwambia asifunge, ruhusa yake imo ndani ya Kitabu chenyewe, haikuletwa na daktari. Futari ya viazi vya chumvi na sambusa za kuzama mafutani mwezi mzima, hiyo haina ruhusa ya yeyote.

Tumebakisha lile lililotuuma. Watu hutujia na habasoda, mlonge, thomu mbichi na maji ya kusomewa, wakituuliza kama vyatosha. Hatuidharau tiba ya Mtume, na hatutaacha kusoma. Lakini siku hizi kila anayetujia tunamuuliza maswali mawili kabla ya kufungua mdomo kwa Fatiha: umepimwa lini, na vidonge vyako viko wapi? Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametuamrisha tujitibu. Presha ikishuka kwa dawa, imeshuka kwa sababu unaimeza. Ukiacha, hurudi ilikokuwa, tena kimyakimya. Ikiwa dawa inakukohoza kikohozi kikavu, au inakuvimbisha miguu, rudi ubadilishiwe, zipo nyingine. Wako ambao chakula na kutembea vimewapunguzia dawa, na wako ambao presha yao ilikuwa ndogo na haikuhitaji dawa kabisa. Lakini hayo yaliamuliwa na daktari mbele ya namba, hayakuamuliwa na mtu kwa kujisikia vizuri.

Na mtu akipinda mdomo ghafla, au mkono mmoja ukalegea, au maneno yakamvurugika, msiseme amepigwa na upepo mbaya. Msimwite sheikh kwanza. Mpelekeni hospitali yenye madaktari bila kungoja alfajiri. Sheikh, akitakiwa, atasoma ndani ya gari njiani.

Majuzi palikuwa na khitma nyingine mtaani. Ahli yetu alikuwa amezungumza na mama mkuu wa wapishi, mwanamke asiyeambiwa kitu juu ya chungu chake, na baada ya mabishano ya siku mbili alikubali kutia nusu ya chumvi aliyoizoea na kuzidisha thomu. Vibakuli vya chumvi havikuletwa. Kila sinia lilikuja na vipande vya ndimu. Yule mzee wetu wa siku ile alikuwa kando yetu tena. Akapapasa jamvini kulia na kushoto akitafuta chumvi, asiione, akakamua ndimu, akala tonge moja, akanyamaza. Akala hadi upande wake wa sinia ukawa mweupe. Kisha akatuinamia akatuuliza, kwa sauti ya chini, wale vijana wa kupima huja msikitini siku gani. Tukamwambia ni Ijumaa baada ya swala, na kama ana vidonge vya zamani nyumbani, aje navyo.